Daftari la Kasuku

Wazo la kuunganisha samaki na mto lilikuwa la meneja, naye alilitangaza kana kwamba yeye ndiye aliyeumba vyote viwili. Nyumba ya Samaki, alisema, inajaa kila Jumapili mpaka watoto wanapotezana na mama zao mbele ya kioo cha mikunga. Boti ya matembezi, iliyofungwa gatini nyuma ya jengo hilohilo, inaondoka na viti vitupu. Sasa kampuni moja imenunua vyote viwili. Basi mgeni atakata tiketi moja, atatazama samaki kwa dakika arobaini, atatokea mlango wa nyuma na kukuta boti inamsubiri.

"Tiketi moja, raha mbili!" alisema meneja, akainua kipande cha karatasi, nusu buluu nusu kijani.

"Mshika mbili moja humponyoka," alinong'ona mkata tiketi, na wafanyakazi wakainamisha vichwa wasionekane wanacheka.

Binti Nahodha hakucheka. Alisimama nyuma ya wenzake na sifongo mkononi, viatu vyake vya mpira vikichuruzika maji, maana walipoitwa alikuwa anasugua ukoga kwenye tangi la kambare. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na watu wa gatini bado walimwita Binti Nahodha, ingawa nahodha mwenyewe hakuwa ameshika usukani kwa miaka sita. Kazi yake ilikuwa kutunza samaki na kuwaeleza wageni habari zao, na kwa hilo alikuwa na sauti nzuri, ya kutosha kunyamazisha darasa zima la watoto.

"Wewe ndiye mwenye sauti," meneja akamwambia. "Maelezo ya samaki na maelezo ya mto tunataka yawe kitu kimoja. Uyaandike, tuyarekodi. Alhamisi ijayo, siku ya uzinduzi, utayasoma mwenyewe botini."

"Na Kasuku je, anayeeleza mto siku zote?" mkata tiketi aliuliza.

"Kasuku anastaafu. Kaomba mwenyewe. Jumamosi ya wiki hiyohiyo anahamia kwa bintiye, mji mwingine kabisa. Ameacha hili." Akamkabidhi Binti Nahodha daftari nene la jalada jeusi, limefungwa kwa mpira.

Binti Nahodha alilitia kwapani bila kulifungua. Nyumbani kwao jina la Kasuku halikutajwa, na kosa lilikuwa la huyu binti mwenyewe.

Tuseme ukweli mapema, maana hii si hadithi ya kufichana. Miaka sita iliyopita Nahodha alianza kumimina chai nje ya kikombe. Alisema meza imeyumba. Kisha akamwita jirani mmoja kwa jina la jirani mwingine, akasema mtu mwenyewe siku hizi amekonda. Kisha siku moja akapanda ngazi za nyumbani huku akizipapasa kwa ncha ya kiatu, ngazi alizozipanda tangu ujana wake. Binti yake alikuwa amesimama juu, anamwona. Yeye hakumwona binti. "Baba, twende ukapimwe macho," akamwambia. Nahodha alifoka mpaka vikombe vikalia kabatini. Macho yake, alisema, hayana kasoro, na mwenye kasoro ni yule anayeyachunguza.

Wiki hiyo boti ilikodiwa na shule. Watoto sitini walipita mbele ya Nyumba ya Samaki wawili wawili, wameshikana mikono, wakienda gatini. Binti aliwahesabu. Kisha akaingia chumba cha kukatia chakula cha samaki, akachukua karatasi ya ratiba, akaigeuza na kuandika nyuma kwa herufi kubwa: NAHODHA WA BOTI HAONI VIZURI. TAFADHALI MPIMENI. Hakuweka jina. Akaitumbukiza kwenye sanduku la maoni la ofisi ya boti, akarudi kukata vipande vya samaki.

Walimpima Jumanne. Presha ya macho, daktari alisema, na imekwenda mbali. Jumatano Nahodha alirudi nyumbani na kofia yake ya kazi ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mtu mmoja tu ndiye aliyejua," alisema, amekaa ukingoni mwa kiti kama mgeni. "Mmoja tu niliyemwambia."

Mmoja huyo alikuwa Kasuku, mwelezaji wa boti. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amesimama na kipaza sauti hatua mbili kutoka kwenye usukani wa Nahodha, akiwaeleza wageni habari za mto, na kila Ijumaa alikula mezani kwao. Siku ya pili yake alikuja kumjulia hali rafiki yake. Nahodha hakumfungulia. Alisema naye kupitia mlangoni, maneno machache, na la mwisho lilikuwa kwamba kuanzia leo mimi na wewe hatujuani.

Binti alikuwa jikoni, anapika. Alisikia kila neno. Hatua nne tu zingemfikisha mlangoni aseme, "Baba, ni mimi." Alikuwa na mwiko mkononi, akaendelea kukoroga.

Ile barua angeweza kuitetea mbele ya mtu yeyote. Mwiko ule hakuweza. Alijiambia atasema kesho, Baba akishapoa. Kesho ikazaa wiki, wiki ikazaa mwaka, na kila mwaka ulipoongezeka maneno yenyewe yalizidi kuwa mazito, mpaka ikawa hakuna tena namna ya kuyasema bila kuulizwa ulikuwa wapi siku zote.

Jioni ya siku aliyokabidhiwa daftari alimkuta baba yake barazani akipiga viatu rangi kwa kupapasa. Nahodha sasa aliona mwanga na kivuli tu, lakini viatu vyake viling'aa kuliko vya mtu yeyote mtaani.

"Alhamisi wanazindua boti upya, Baba. Imeunganishwa na sisi wa samaki. Msemaji nitakuwa mimi."

Burashi ikasimama. "Wewe? Kwenye boti yangu?" Tabasamu likamtanda uso mzima. "Wataipoteza njia, wote wabaki kukusikiliza. Nitakuja. Tafuta kofia yangu." Kisha tabasamu likamtoka. "Lakini kama yule mtu yupo, unirudishe nyumbani."

"Hatakuwepo. Amestaafu. Anahama Jumamosi."

Nahodha alipiga kiatu burashi mara tatu nne. "Aende salama," alisema, na sauti ikawa kama ya mtu aliyemeza kitu kichungu. "Kikulacho ki nguoni mwako, binti yangu. Usisahau neno hilo."

Binti alikuwa ameshika shati la baba yake, anashona kifungo. Sindano ikamchoma kidole, naye akashukuru kupata sababu ya machozi.

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya mashine ya kusafishia maji na kufungua daftari la Kasuku. Nusu ya kwanza ilimchekesha hata bila kutaka. Kasuku alikuwa ameandika hadithi za kila jengo lililo ukingoni mwa mto: mwenye kinu cha zamani aliyeoa dada wawili kwa mpigo kwa sababu alishindwa kuchagua, jumba jeupe lililojengwa na tajiri aliyeogopa maji, madirisha yake yote yakatazama barabarani. Kila hadithi ilikuwa na alama pembeni: *hapa wanacheka*, *hapa ngoja kidogo*.

Kisha, kwenye kurasa za miaka miwili ya mwisho ya Nahodha, mwandiko ulikuwa uleule lakini mambo yalibadilika. Tajiri mwoga alibaki na sentensi moja. Mwenye kinu alifutwa kabisa, yeye na wake zake. Mahali pao paliandikwa hivi:

*Mabibi na mabwana, tunakaribia daraja la zamani. Nguzo zake ni nne. Tutapita kati ya ya pili na ya tatu. Tazameni ya tatu, iko kulia kwenu, hatua ishirini. Sasa hatua kumi. Mkinyoosha mkono mnaweza kuipa salamu.*

Na chini yake: *Boya jekundu liko mbele kidogo, kushoto. Zuri sana boya lile. Endelea kulisifu mpaka lipite.*

Na ukurasa wa pili: *Wakionekana watu kwenye mtumbwi, waambie wageni wawapungie mikono. Taja upande.*

Binti alisoma, akarudia. Nani amewahi kutoka nyumbani kwake, amevaa nguo nzuri, amebeba watoto, aje asikilize sifa za boya? Aliendelea kufunua. *Fungu la mchanga limesogea. Waambie nahodha wetu leo anapenda kwenda polepole ili mpige picha.* Hapo akaweka mkate pembeni. Hakuna hata neno moja lililokuwa la wageni. Kwa miaka miwili mizima Kasuku alikuwa anamsomea baba yake mto, kwa kipaza sauti, mbele ya watu sabini, na hakuna aliyegundua.

Kumbe mtu aliyefungiwa mlango ndiye aliyekuwa macho ya baba yake. Na yeye, binti, aliyemwacha afungiwe, alikuwa amekaa juu ya ndoo ameshiba mkate. Aliona aibu ya kweli, ile inayompa mtu joto masikioni akiwa peke yake.

Hakungoja kesho. Alivua viatu vya mpira, akaomba ruhusa ya saa mbili, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Kasuku.

Kasuku alikuwa mjane mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimfungulia, akamtazama, akatazama daftari kwapani mwake. Nyuma yake chumba kilikuwa kimejaa maboksi.

"Umesoma," alisema.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa juu ya boksi hilo, lina nguo tu. Lile jingine lina vyombo, litakuaibisha."

Hakukaa. "Baba mdogo, mambo ya barua ile..."

"Najua." Kasuku alisema hivyo kwa upole, jambo lililokuwa baya zaidi. "Ofisi waliniita, wakanionyesha, wakaniuliza kama ni kweli. Nikaishika. Ulikuwa umekata kichwa cha karatasi kwa mkasi, jina la Nyumba ya Samaki lisionekane. Lakini harufu haikatwi kwa mkasi, mwanangu. Barua ilinuka samaki mpaka karani akafungua dirisha."

Binti alitaka kucheka na kulia, akaishia kukaa juu ya boksi la nguo.

"Kwa nini hukumwambia Baba?"

"Nilikuja ile Alhamisi nikiwa na nia hiyo. Nikamsikia anavyonguruma ndani. Nikasimama pale mlangoni nikawaza: huyu mtu anakwenda gizani. Kuna atakayemshika mkono na kumpikia. Si mimi, mimi nashinda mtoni. Ni wewe. Akikufukuza wewe, amebaki na nani? Nikasema, basi anifukuze mimi."

Alivua miwani akaipangusa kwa shati. Alipoendelea, upole ulikuwa umepungua.

"Lakini usinifanye malaika. Nilikuwa nakungoja wewe. Mwaka wa kwanza kila wiki nilisema, wiki hii atamwambia baba yake. Ijumaa napika chakula cha watu wawili, nasikiliza mlango. Mwaka wa tatu nikaacha kupika. Barua uliandika vizuri. Tuliwahi kugusa nguzo mara mbili, mimi na baba yako, na ya pili ilikwaruza ubavu wote wa boti. Ningekuwa na moyo ningeandika mimi. Sikukasirika kwa barua hata siku moja. Nilikasirika kwamba ulinyamaza."

"Nitamwambia."

"Jumamosi saa mbili asubuhi lori linakuja," Kasuku alisema, akarudi kufunga boksi la vyombo.

Alhamisi Nahodha alivaa suti na kofia yake ya zamani, na gatini watu walimpisha kama bwana harusi. Meneja alikata utepe kwa mkasi butu, akakata tena. Wageni wa tiketi ya nusu buluu nusu kijani waliongozwa kwanza ndani, kwenye ushoroba wenye giza na vioo vinavyong'aa. Binti alieleza mikunga, akaeleza kobe wa maji, sauti yake ikifanya kazi peke yake huku mawazo yake yakiwa kwingine. Mbele ya tangi la kambare Nahodha aliweka kiganja juu ya kioo.

"Yuko hapa?"

"Yuko mbele yako, Baba. Anakutazama."

"Mwambie asijisumbue kuniamkia, mimi simwoni," alisema Nahodha, na wageni waliokuwa karibu wakaangua kicheko.

Akamwonea baba yake huruma, na akajionea hasira. Alikuwa amepiga moyo konde tangu alfajiri, na kila alipoutazama uso ule wenye furaha moyo ulimlegea tena. Angeweza kuacha. Keshokutwa Kasuku hayupo, na siri inaondoka na lori. Wazo hilo lilimjia likiwa tamu, na utamu wake ndio uliomtisha.

Botini alimkalisha baba yake kiti cha mbele kabisa, karibu na mahali pa kusimama msemaji. Injini ikaguruma, kamba zikafunguliwa. Alisoma maelezo aliyoyaandika: samaki ambao wageni wamewaona ndani ya vioo na mahali wanapoishi mtoni, jumba jeupe, tajiri mwoga. Mwenye kinu alikuwa amemrudishia wake zake wawili, na watu walicheka palepale Kasuku aliposema watacheka. Walipokaribia daraja la zamani alisema limejengwa kwa mawe ya kijivu, akaendelea na habari za perege wanaotaga mayai chini yake.

"Umeruka nguzo," Nahodha alisema kwa sauti kubwa.

Wageni wakacheka, wakidhani ni mchezo uliopangwa. Midomo ya Nahodha ilikuwa inacheza: ya pili na ya tatu, kulia kwenu, hatua ishirini, hatua kumi. Hakukosea hata neno.

Baada ya daraja mto unanyooka, na palipangwa muziki kwa dakika nane wageni wapige picha. Binti alizima kipaza sauti, akakihakikisha mara mbili, akakaa kando ya baba yake.

"Baba, nimesoma daftari la Kasuku. Nimeona alivyokuwa anakuongoza."

Uso wa Nahodha ukakunjamana. "Basi sasa unaelewa kwa nini iliniuma. Adui angenichongea ningesema ni kazi yake. Lakini mtu aliyekuwa jicho langu, akaenda kulisemea jicho lenyewe!"

"Hakusema kitu."

"Alisema nani?"

"Mimi."

"Wewe nani?" aliuliza Nahodha, kama anayeulizia mtu aliyebisha hodi.

"Mimi, Baba. Binti yako. Niliandika barua nikaitia kwenye sanduku la maoni. Kasuku aliijua ni yangu kuanzia siku ya kwanza. Akanyamaza ili usinifukuze."

Wageni walikuwa wamesimama upande wa kushoto wakipiga picha mtumbwi wa wavuvi. Nahodha alivua kofia akaiweka magotini. Akaupapasa ukingo wake mzima kabla ya kuuliza.

"Siku niliyomfungia mlango ulikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Miaka sita," alisema Nahodha polepole. "Kila jioni unanisomea gazeti. Ajali, mpira, vifo vya watu nisiowajua. Kurasa zote hizo, ukakosa nafasi ya sentensi moja?"

"Niliogopa, Baba."

"Uliogopa nini? Nimewahi kukupiga?"

"Niliogopa ungenifungia mlango kama ulivyomfungia yeye."

Nahodha aliirudisha kofia kichwani. Lilikuwa jibu la kweli na alijua ni la kweli, na kujua huko hakukumfurahisha. Meneja alikuwa anapunga mkono kutoka nyuma: muziki umekwisha. Binti alisimama, akawasha kipaza sauti, akaeleza mto mpaka gatini kwa sauti iliyokuwa inakatika. Wageni walimpigia makofi. Mama mmoja alimwambia mkata tiketi kwamba yule dada anaipenda kazi yake mpaka machozi yanamlenga.

Kushuka, Nahodha alimshika mkono kwa sababu hakuwa na la kufanya. Aliushika kama mtu anavyoshika chuma cha ngazi. Nyumbani alikula kimya, akalala mapema, na asubuhi alikuwa amekwisha kuvaa viatu alipomwita binti yake.

"Nipeleke kwa Kasuku."

Kasuku alifungua mlango akawatazama wote wawili. Mtu aliyeitwa Kasuku kwa sababu hakuwahi kukosa la kusema alisimama pale akakosa la kusema.

"Nimekuja," alisema Nahodha.

"Nimeona."

"Wewe ngoja nje," Nahodha akamwambia binti yake, akaingia, na mlango ukafungwa.

Binti alikaa kwenye benchi chini ya dirisha lililofungwa. Alisikia sauti ya Kasuku ikipanda, kali, sauti asiyowahi kuisikia kwenye kipaza sauti, na ya baba yake ikijibu chini chini. Maneno hakuyapata. Kisha kitu kikaburutwa, boksi labda. Mara moja akasikia kwikwi, hakujua ni ya nani, akainuka nusu, akakaa tena, kwa maana hakuitwa. Jua lilihama kutoka miguuni mwake likapanda magotini. Wapita njia walimsalimia, akawaitikia. Alifikiri jinsi ilivyo rahisi kusikiliza nje ya mlango ukiwa umeambiwa ungoje nje, si kama siku ile jikoni.

Nahodha alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. "Nifungashie nguo," alisema. "Kesho nakwenda naye."

"Kwa siku ngapi?"

"Nifungashie nyingi."

Hakubisha. Usiku alikunja mashati, yote yenye vifungo kamili, akaweka na viatu jozi mbili. Jumamosi saa mbili lori lilikuwa mlangoni kwa Kasuku, na maboksi yalikuwa yamepakiwa. Nahodha alipandishwa kiti cha mbele, katikati ya dereva na Kasuku. Binti alisogea dirishani.

"Utarudi lini, Baba?"

"Sijui. Tuna miaka sita ya kuzungumza, na huyu unamjua, huenda akataka kuisimulia yote kwa mpangilio."

"Umenisamehe?"

Nahodha aligeuza uso kuelekea sauti yake. "Barua nilikusamehe palepale botini. Ile barua ilikuwa na akili kuliko mimi. Hilo jingine bado. Usiniharakishe, na usiniulize kwa simu."

"Sawa, Baba."

Alizunguka upande wa pili, akampa Kasuku chupa ya dawa ya macho. "Matone mawili asubuhi, mawili jioni. Anapenda kudanganya kwamba ameshaweka. Na chai umimine wewe, anajichoma. Na ngazini..."

"Mwanangu," Kasuku alisema, akaipokea chupa na kuitia mfukoni. Hakusema kwa ukali. "Najua kumtunza. Nilianza kabla yako."

Dereva akawasha lori. Binti alipunga mkono kwa baba asiyeweza kuuona, mpaka lori likakata kona, na hapo akabaki katikati ya barabara na mkono wake juu, mtu mmoja akampigia honi apishe njia. Akapisha. Kisha akaenda kazini, kwa sababu safari ya kwanza ilikuwa saa nne na wageni walikuwa wamekwisha kukata tiketi.